Mwaka Aliokonda Mama Milembe

Nilipelekwa kliniki ya sukari kwa sababu ya mgongo. Nilikuwa nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka minane, nikiinua akina mama na kuwageuza, mpaka asubuhi moja niliinama kuokota mkasi nikashindwa kuinuka. Matroni alinitazama pale chini akasema, "Sista Adelina, kesho nenda chumba namba nane. Kule watu wanakaa." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya uhamisho. Ninyi vijana mnaodhani kila aliyefika chumba kile alichaguliwa kwa ujuzi, mjue mmoja wetu alichaguliwa na mgongo.

Mnaokalia kiti changu sasa mna mashine inayopima sukari kwa tone moja la damu na kutoa namba kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika kwamba mmemchoma. Sisi tulikuwa na mkojo, jiko la mafuta ya taa na chupa ya dawa ya bluu. Unadondosha matone manane ya mkojo kwenye dawa, unachemsha, unangoja. Ikibaki bluu, mgonjwa yuko salama. Ikiwa kijani, sukari ipo kidogo. Ikiwa njano, ipo zaidi. Ikiwa nyekundu kama tofali la kuchoma, unamwita tabibu. Nilirudi nyumbani kila siku nikinuka kazi yangu. Mume wangu hakusema kitu. Alikuwa mwalimu, naye alinuka chaki.

Mizani yetu ilikuwa ya kusimama, yenye vyuma vya kusogeza. Akina mama walivua viatu, saa, hata vitambaa vya kichwa, kabla ya kupanda. Ilipoharibika tuliazima ya stoo, ya kupimia magunia ya mchele, na kwa miezi kadhaa wagonjwa wangu walipimwa wakiwa wamekaa kwenye ubao kama shehena. Hakuna aliyelalamika. Watu wa wakati ule walikuwa wamezoea kupokea kilichopo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Magesa, tabibu msaidizi, Mjita mfupi mwenye koti lililobaki mfuko mmoja. Alinifundisha kutunza chupa za insulini ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa umeme ukikatika. Alinifundisha kuanza na miguu: mvue mgonjwa viatu, angalia kati ya vidole, gusa kwa pamba, muulize kama anasikia. Halafu alikuwa na maswali yake ambayo hayakuwa na nafasi kwenye kadi. Alimuuliza kila mgonjwa: nyumbani nani anapika, nani anapakua, nani anakula na nani. Sisi manesi tulidhani ni umbea wa uzee. Mimi niliandika kwenye kadi kilichodaiwa na kadi: uzito, mkojo, presha, dawa. Nilijifunza nusu ya kazi yake na nikajiona nimeiva.

Miaka ile ya tisini mwanzoni, maduka yalikuwa yamejaa. Sisi tuliopanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya themanini tuliona sukari ikirundikwa magunia kwa magunia, mafuta ya kula kwenye madumu ya njano mpaka barabarani, kreti za soda, vibanda vya chipsi kila kona. Watu waliokulia michembe ya viazi vikavu, mlenda na dagaa wa kuchemsha walianza kuviona kama vyakula vya njaa. Mtu aliyefanikiwa alitakiwa aonekane, na alionekana kwa mwili. Na wakati huohuo tulikuwa tunazika. Sina haja ya kueleza sana, waliokuwapo wanajua. Mtu akikonda, mtaa ulianza kuhesabu. Hakuna aliyeuliza ana nini. Kwa hiyo nilipomwambia mgonjwa wa sukari apunguze kilo kumi, alinitazama kama mtu aliyeambiwa akatangaze msiba wake mwenyewe. Niliona woga ule, lakini nikauita ubishi.

Mama Milembe alikuja kwetu akiwa na kiu isiyoisha na macho yanayofifia. Alikuwa mama ntilie pale Mirongo, na kibanda chake kilijulikana kwa wali na sato wa kukaanga. Alikuwa mcheshi, sauti yake inafika mwisho wa benchi. Mizani ilisema kilo tisini na nane na mkojo ulikuwa tofali. Mumewe, Shija, alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kiwanda kilipofungwa. Sasa aliendesha lori la samaki la tajiri mmoja, wiki mbili njiani, siku mbili nyumbani. Walikaa Pasiansi na watoto watatu: Milembe, aliyekuwa darasa la nne, na pacha wa kiume, Kulwa na Dotto, ambao walikuwa hawajaanza shule.

"Upunguze mwili, mama," nilimwambia. "Dawa peke yake haitoshi."

"Sista, mimi ni mpishi," alisema. "Mpishi akiwa mwembamba nani atakula chakula chake?"

Benchi lote lilicheka. Nilicheka pia, nikampa orodha ya vyakula na kumwambia ajipikie chungu chake.

Alirudi baada ya mwezi akiwa ameongezeka kilo moja. Aliapa kwamba anakula mchicha na dagaa tu. Nilikuwa tayari kumgombeza, Mzee Magesa akanizuia kwa mkono.

"Mama," alisema, "makombo ya watoto anakula nani?"

"Nani mwingine, mzee? Nitupe?"

"Na ukoko?"

"Mimi."

"Na pale kibandani, unaonja chumvi mara ngapi?"

Mama Milembe alihesabu vidole vya mkono mmoja, akaanza wa pili. Mzee Magesa alinigeukia. "Umempa chungu chake peke yake, kando ya chungu cha wanawe. Atakaa na mchicha wake akiwaangalia wanakula chipsi, halafu amalize walizobakiza. Tunampima mmoja, Adelina, lakini wanaokula ni watano. Wapikie wote chungu kimoja."

Ndivyo alivyofanya, na alifanya kwa nguvu zote. Mafuta nyumbani yalipimwa kwa kijiko. Chai ikawa ya tangawizi bila sukari. Maandazi yalibaki Mirongo. Mlenda ulirudi, dagaa wakarudi, viazi vikachemshwa badala ya kukaangwa. Wote walikula sinia moja, na yeye akala nao, akaacha waliposhiba. Pacha walilia siku za kwanza wakitaka maandazi. Shija aliporudi safari aliuliza kama nyumba imefilisika, lakini alipoonja mlenda alisema unamkumbusha kwao Bujora. Milembe ndiye aliyeshika kijiko cha mafuta. Wakati wa likizo alimsindikiza mama yake kliniki akibeba kadi, na alinieleza mwenyewe kwa sauti nzito ya mtu mzima, "Sista, wiki hii hatujazidisha."

Kilo zilishuka. Tisini na nne, tisini, themanini na tano. Mwaka ulipokaribia kwisha alikuwa sabini na sita na mkojo ulibaki bluu. Alisema anaona vizuri, anapanda kilima bila kupumzika. Mzee Magesa alikuwa amestaafu miezi michache kabla na kurudi kwao Majita, na mimi nilikuwa mkubwa wa chumba namba nane, nikiwa na mfano wa kuonyesha. Alhamisi moja nilimsimamisha mbele ya benchi. "Mtazameni Mama Milembe," nilisema. "Kilo ishirini na mbili. Akiweza yeye na ninyi mnaweza."

Hakuna aliyepiga makofi. Waliangalia chini. Mama mmoja aliyekaa karibu yake alimvuta mwanawe akamhamishia upande wa pili. Nilifikiri ni wivu.

Baada ya wiki tatu alikuja siku isiyo ya kliniki. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kunisalimia.

"Wanasema nimekanyaga waya," alisema.

"Nani?"

"Mirongo nzima. Wateja wangu wanapita wanasalimia, wanaenda kula kwa mwingine. Wanaobaki wananunua soda. Soda tu, Sista. Kwa sababu imefungwa kiwandani, mimi sijaigusa."

Nilimwambia watachoka, aendelee tu.

"Na mume wangu ni dereva," alisema. "Kwa hiyo wameshamaliza hesabu."

Kilichomvunja zaidi kilikuwa nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa amesikia habari akaja kutoka Bujora. Alimtengea mkamwana wake kikombe, sahani na kijiko, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa kijiko ili watoto wasikosee. Halafu alileta chungu chake mwenyewe na kuanza kuwapikia wajukuu. Nyama, wali wa mafuta, maandazi asubuhi. "Watoto wangu hawali kwangu," Mama Milembe alisema. "Wanakula chumba cha pili na bibi yao. Mimi nakula jikoni. Nasikia tu vijiko."

Nilikwenda Pasiansi Jumamosi. Nilijiona nina dawa ya jambo hilo: nitaeleza. Bibi alinipokea vizuri, akanipa kigoda, tukasalimiana. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, macho yake yanakutazama moja kwa moja.

"Mama, mkamwana wako ana sukari," nilisema. "Mimi ndiye niliyemwambia akonde. Amekonda kwa sababu ametii."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Mayu, mama, mimi nimezika wanangu wawili. Elias alianza hivihivi. Shati likamzidi, mkanda ukatobolewa tundu jingine. Nilimpeleka hospitali. Sista mmoja kama wewe, mwenye nguo nyeupe kama hiyo, aliniambia ni malaria. Nikakaa nikingoja malaria iishe."

Mimi pia nilikuwa nimewaambia watu malaria. Tuliwaambia malaria, tukawaambia kifua, tukawaambia uchovu. Tulidhani ni huruma. Huyu mama alikuwa ameshapewa huruma yetu mara mbili na akaizika mara mbili, na sasa niliposema kweli, sauti yangu ilikuwa ileile.

"Nimebakiwa na Shija na hao watoto wake watatu," alisema. "Wewe utarudi hospitalini kwako. Mimi nitabaki nao."

Tulimpima Mama Milembe. Aliomba mwenyewe, na Shija alipofika naye alipima. Wote hawakuwa na virusi vya UKIMWI. Niliandika karatasi, nikagonga muhuri, nikampa mkononi. Mama Milembe aliibandika kibandani kwake kwa siku moja. Jioni aliibandua, kwa sababu vijana walisimama mbele yake wakisema karatasi kama ile inanunuliwa. Shija alikuja kuniona peke yake kabla hajaondoka. Alikuwa mtu mpole, alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Sista, mimi naamini," alisema. "Nimeona karatasi ya kwangu pia. Lakini mama yangu haamini, na mji hausomi karatasi. Mimi nipo nyumbani siku mbili. Wiki mbili zinazobaki mke wangu anaishi na watu. Nimemwambia arudishe mwili."

"Ukimwambia hivyo unamuua," nilisema.

"Na asiporudisha?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka nimwambie.

Alirudisha. Alifanya hivyo kwa bidii ileile aliyokondea. Uji wa karanga mara tatu kwa siku, mafuta ya kukaangia samaki yakamwagwa kwenye ugali, soda mbili mchana. Aliacha kuja kliniki kwa miezi mitano. Alipokuja alikuwa tisini na tatu, na mkojo uligeuka tofali kabla hata haujachemka vizuri. Nilimgombeza, nasikitika kusema, mbele ya wenzake.

Alingoja wengine watoke. Kisha alisema polepole, "Sista, nikiwa mnene nitakufa taratibu, watoto wangu wakila na mimi. Nikiwa mwembamba nimeshakufa tayari, peke yangu, jikoni. Wewe ungechagua lipi?"

Nilisema tutaongeza vidonge. Alipoondoka niliandika kwenye kadi yake: mgonjwa hafuati ushauri. Nimeandika mambo mengi kwenye kadi za watu kwa miaka mingi, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Wateja walirudi Mirongo. Walimsifu, wakasema amenawiri. Bibi alirudi Bujora akiwa ameridhika, alimwachia mkamwana wake chungu kile kama zawadi. Nyumbani walikula tena sinia moja, lakini sasa kilichokuwa ndani ya sinia kilikuwa mafuta na sukari, na hakuna aliyethubutu kuomba mlenda. Watoto wakanenepa wote. Mtaa ukafurahi. Mama aliwaangalia wanavyokula, aliniambia siku moja, na kila shavu lililojaa lilimpunguzia maneno ya watu.

Ilipita miaka miwili. Halafu kaa la moto lilidondokea kwenye ndala zake akiwa anakaanga. Hakulisikia. Aliligundua kwa harufu. Alifunga kitambaa akaendelea na kazi, na alipokuja kwangu kidole kilikuwa cheusi na weusi ulikuwa umeshaanza kupanda. Nilimvua ndala, nikagusa kwa pamba mpaka kwenye kifundo. "Unasikia?" Alitikisa kichwa. Madaktari walikata mguu chini ya goti, na baada ya wiki wakakata tena, juu zaidi.

Wodini mwili uliyeyuka. Kilo zote zile alizozirudisha kwa karanga na soda zilitoka kwa wiki chache, na safari hii hakuna aliyezipanga. Bibi alikuja, akamtazama mara moja kutoka mlangoni, akawachukua pacha kuwapeleka Bujora. Shija aliomba ruhusa kwa tajiri wake, akaambiwa lori haliwezi kusubiri. Milembe alibaki Pasiansi na jirani, na kila siku baada ya shule alileta chakula kwa miguu, kwenye hotpoti lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amemaliza miaka kumi na mitatu. Alikuwa ameanza kuwa mnene kama mama yake.

Nilikuwa nikipita wodini mchana kuangalia dozi ya insulini, na niliwaona. Binti anafungua hotpoti, anaweka juu ya kimeza, anarudi nyuma na kusimama penye miguu ya kitanda, pale ambapo mguu mmoja tu ulionekana chini ya shuka. Mama anakula kidogo. Anakata samaki katikati, anasukuma nusu pembeni.

"Kaa ule na mimi, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Umekula wapi?"

"Nimekula shule."

Shule haikuwa na chakula. Sote watatu tulijua. Kila siku ilikuwa hivyohivyo, na kila siku hotpoti lilirudi na ile nusu ya samaki. Siku moja nilimwambia Mama Milembe, nikitaka kumpa moyo, kwamba watoto wa umri ule huona aibu wodini.

"Haoni aibu, Sista," alisema. "Anaogopa. Zungumza naye. Mimi hatanisikia."

Nilimwahidi. Siku ile kliniki ilikuwa imejaa. Kesho yake kulikuwa na semina. Keshokutwa yake nilimkuta Milembe kwenye ngazi akishuka na hotpoti, akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba na kumuuliza habari za shule, kwa sababu nilikuwa sijapanga nianzie wapi. Alijibu nzuri. Nikampita.

Mama Milembe alifariki Jumanne saa sita mchana. Tulimzika Bujora. Aliyesoma risala alisema amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu, na watu waliitikia kwa koo, mmh, kwa sababu miaka ile maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na sare yangu. Shija aligeuka akanitazama. Ningeweza kusimama na kusema jina la ugonjwa kwa sauti mbele ya wote. Nilijiambia siri ya mgonjwa ni siri hata akifa. Ni kweli, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini marehemu mwenyewe alikuwa ameibandika siri ile ukutani Mirongo, na mimi nilibaki nimekaa.

Baada ya hapo nilianza kuuliza maswali ya Mzee Magesa. Niliyaandika nyuma ya kadi, mpaka matroni mpya akauliza kwa nini kadi za chumba namba nane zimechafuliwa. Niliwaambia wagonjwa waje na watoto wao, niliwaeleza watoto kwa maneno yao. Niliwauliza wagonjwa, kabla ya kuwaambia wapungue, mtaa utasema nini. Wapo waliopona aibu hiyo na wapo ambao haikuwasaidia. Sitaki kuwaambia kwamba Mama Milembe alikufa ili mimi nijifunze kazi. Alikufa, na mimi nikajifunza nikiwa nimechelewa.

Miezi minne kabla sijastaafu, aliingia mwanamke mnene, mwenye sauti nzito. Alipanda mizani bila kuvua kitu. Kilo mia na tatu, na mashine ikatoa namba mbaya. Nilisoma jina kwenye kadi nikaweka kalamu chini.

"Shikamoo, Sista Adelina," alisema.

"Marahaba, Milembe."

Alikaa. Alisema ana watoto watatu, anauza vitenge Kisesa, na daktari amemtuma kwangu ili akonde. Alisema hataweza. Nilimwambia najua kwa nini. Alicheza na pete yake kwa muda.

"Sista, nikuulize kitu, na usinifiche, mimi ni mtu mzima. Mama alikuwa na ugonjwa gani?"

Miaka yote ile nilidhani alijua. Alikuwa amebeba kadi ya mama yake, alikuwa ameshika kijiko cha mafuta. Nilimwambia, "Sukari, mwanangu. Kama hii yako. Hakuwa na ugonjwa mwingine. Tulimpima, na baba yako tulimpima."

"Bibi alituambia sukari ni jina tulilopewa sisi watoto," alisema. "Alisema ugonjwa wenyewe tutaambiwa tukikua. Baba hakuwahi kutaka kulizungumza, na alipopata ajali na lile lori akafa, watu walisema Mungu amemwonea huruma, amemchukua kabla ugonjwa haujamlaza." Aliiacha pete yake. "Nilikuwa natoka Pasiansi kwa miguu na lile hotpoti. Tumbo linaniuma kwa njaa. Jirani alikuwa ananipimia chakula cha mama tu."

Niliomba msamaha. Nilimwambia kuhusu ngazi, kwamba mama yake alinituma na mimi nikauliza habari za shule. Alisema anaikumbuka siku ile. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama naweza kufika kwake Jumapili, kwa sababu kuna maneno anataka ayaseme mbele ya wanawe na anataka mtu wa hospitali awepo.

Nilikwenda Kisesa. Kulwa alikuwepo, amekuja kutoka Geita. Dotto alisema kwa simu hawezi kuja. Milembe alikuwa amepika mwenyewe. Mlenda, dagaa, ugali wa mtama, vyote kwenye sinia moja, na tulikaa mkekani kulizunguka, watoto watatu, mimi, Kulwa na yeye. Mumewe alikuwa kazini, lakini alikuwa ameshaambiwa.

"Sikilizeni," aliwaambia watoto. "Mama ana ugonjwa wa sukari. Jina lake ni hilo, sukari, halina jina jingine nyuma yake. Nitaanza kukonda. Nitakonda sana, na mtaani watasema. Mtakula na mimi hapa, sinia hili. Mtu akiwauliza, mtajieni jina."

Mkubwa aliuliza kama soda itanunuliwa. Milembe alisema haitanunuliwa. Kulwa alikuwa anatazama ugali, hajamega.

Kasichana kadogo, ka miaka kama sita, kalifikiri kwa muda. "Na bibi mzaa mama alikuwa nayo hiyo sukari?"

"Alikuwa nayo."

"Akakonda?"

"Akakonda."

"Na ninyi mlikula naye?"

Milembe alimtazama ndugu yake, kisha akanitazama mimi.

"Hapana," alimwambia mwanawe. "Hatukula naye."